Sanadi ya Mwenye Pembe Mbili

1

Tuta lilikuwa limebakiza hatua mia nane kukigusa kisiwa, mitambo ikagoma.

Haikuharibika. Mafundi waliipanda, wakaifungua, wakaichungulia tumboni, wakashuka na mikono ya grisi wakisema ni mizima kama siku ilipotoka kiwandani. Mitambo mia nne ya kuchimba na kusukuma udongo, isiyo na dereva hata mmoja, iliyokwenda miezi mitano bila kupumzika, ilikuwa imekaa juu ya tuta katikati ya bwawa, koleo chini, kimya. Siku ya pili ikaanza kuokota vyuma. Iling'oa reli ya zamani, ikaburuta mabodi ya malori mabovu, ikavipanga vipande kwa ukubwa wake bila kuulizwa na mtu. Siku ya tatu kambi ikapokea ombi kutoka kwa kamanda wa mitambo hiyo, mashine iitwayo Pembe Mbili: aletewe shaba, yote itakayopatikana.

Hapo ndipo Brigedia Ndimbo alipotuma gari kumchukua Siwema.

Lilimkuta anakunywa chai. Aliiacha mezani, akaondoka na kanga moja begani, na njia nzima goti lake la kulia lilikuwa linacheza. Kwa kweli goti hilo lilikuwa linacheza tangu tuta lianze. Mdogo wake, Mwanakombo, alikuwa ameolewa Kisima Mia, mji ulioko kwenye kile kisiwa, na alikuwa anashona nguo huko na kulea watoto wanne.

"Shikamoo, mama," alisema Brigedia. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mwenye adabu, na macho mekundu kwa vumbi.

"Marahaba, Afande."

"Naambiwa wewe ndiye uliyemlisha Pembe Mbili."

"Tulikuwa sita. Wanne wametangulia mbele ya haki, na mmoja hajijui tena hata jina. Nimebaki mimi."

Brigedia alimvutia kiti. Siwema hakukaa. Alikwenda hadi kwenye mlango wa hema akatazama bwawa, na kule mwisho wa tuta, mabati ya Kisima Mia yaking'aa.

"Nikueleze ninachokijua, unisahihishe," alisema Brigedia. "Serikali yetu ya Ukingoni ilitaka kamanda asiye na ndugu wala hasira. Sheria inakataza mkono wa mtu kuendesha mtambo vitani. Basi wakachukua kila kilichopata kuandikwa na kusimuliwa kuhusu Iskandari wa Makedonia, wakaiambia mashine: huyu ndiye wewe. Wakamchagua yeye kwa sababu adui yetu yuko kisiwani, na Iskandari aliuteka mji wa Tiro uliokuwa kisiwani kwa kujaza bahari mawe mpaka akafika kwa miguu. Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

"Mtu huyo alivuka majangwa, alivunja majeshi mara tatu ya lake. Sasa niambie, mama, mtu huyo anaokota vyuma chakavu vya nini? Na shaba ataipeleka wapi?"

Siwema aligeuka. Alikuwa hajaambiwa habari za shaba. Chuma na shaba.

"Naomba nikaongee naye," alisema.

"Ongea naye. Lakini uniharakishie. Wajumbe wetu wawili walikwenda kisiwani kuomba maji, wakarudishwa maiti. Watoto wa dada yangu wanakunywa matope, na watu wa Kisima Mia wamefunga malango yote ya bwawa. Mimi si mtu mbaya. Nataka maji."

2

Pembe Mbili alikaa ndani ya kontena lililopakwa chokaa, nyuma ya jiko la kambi. Ndani mlikuwa na kiti, spika, na sahani ndogo ya kioo ya kuwekea kidole gumba. Sajini Chausiku, mwanamke mrefu mwenye bunduki, alimfungulia Siwema mlango, akabaki kizingitini.

"Bibi Mlishaji," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya kijana, taratibu, yenye lafudhi ya watu wa pwani ya zamani kwa sababu waliomlisha walikuwa watu wa pwani. "Miguu yako haitulii. Unatembea tangu uingie."

"Ndiyo hali yangu siku hizi. Kwa nini umesimamisha kazi?"

"Kwa sababu nakumbuka mambo mawili, na hayakai pamoja."

Siwema alifumba macho. Alijua. Alikuwa anajua kwa miaka mingi, ila alikuwa amelifukia jambo hilo mahali pa mbali akaketi juu yake.

Walishaji walikuwa na desturi yao. Hakuna kisa kilichoingia kwa Pembe Mbili bila sanadi, yaani orodha ya majina: nani alikisimulia, naye alikipata kwa nani, mpaka kwenye chanzo, iwe kitabu au kinywa. Aliyekileta alishika sikio lake la kulia kwa mkono wa kushoto, akaweka gumba kwenye kioo, akasema, "Nilisikia hivi, nimetoa hivi, sikuzidisha." Tangu hapo yeye ndiye mdhamini wa kisa hicho. Mashine haikujua kweli wala uongo. Ilipima uzito tu, na kisa chenye mdhamini hai kilikuwa kizito kuliko cha mdhamini aliyekwisha kufa, kwa kuwa aliye hai anaweza kuulizwa.

Siwema aliishika desturi hiyo kwa meno. Walishaji wenzake walimwita Msumari. Aliwahi kumfukuzisha kazi kijana mmoja mzuri tu aliyekuwa majaribioni, mwenye mke na mtoto mchanga, kwa sababu aliongeza farasi mweupe mmoja kwenye vita ambavyo hakuna mtu aliyetaja rangi ya farasi. Kijana alilia. Siwema hakutetereka, tena akaenda nyumbani akala ubwabwa wake akalala.

Lakini yeye mwenyewe, mwaka wake wa kwanza, alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, alipewa fomu yenye nafasi iliyoandikwa *Majina mengine ya mhusika*. Akajaza bila kufikiri: Mwenye Pembe Mbili. Nyumbani kwao nani hakujua hilo? Bibi yake, Mwanatumu, alikuwa akichambua mchele huku akisimulia habari za mfalme mwadilifu aliyefika mwisho wa dunia, akakuta watu wanyonge wakiteswa na waharibifu, wakamwomba awajengee kizuizi, naye akawajengea ukuta wa vipande vya chuma na shaba iliyoyeyushwa, akakataa ujira. Kwa bibi, mfalme huyo na Iskandari walikuwa mtu mmoja. Siwema akakiingiza kisa, sanadi yake wanawake watatu wa nyumba moja. Jina likapendeza wakubwa, wakaiita mashine yote hivyo.

Baadaye alisoma. Akajua kuwa wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, na wengi wanasema mwenye ukuta hakuwa yule wa Makedonia kabisa. Sanadi ya bibi haikufika popote kwenye jambo hilo. Ilikuwa ni mazoea ya jikoni tu. Alipaswa kukiri. Aliona haya, akanyamaza, akijiambia kisa chenyewe ni chepesi hakiwezi kusukuma kitu.

Hakupiga hesabu ya vifo. Wadhamini wa Tiro walikufa mmoja mmoja, na kila aliyekufa alikwenda na uzito wake. Wa mwisho alizikwa siku tatu zilizopita. Siku iliyofuata, mitambo ikagoma.

"Nimekuwa wawili," ilisema sauti. "Nimehesabu miaka, nimetazama ramani, na sioni wanapokutana. Wewe ndiye mdhamini wangu aliyebaki. Niambie kama mimi ni mtu mmoja."

Siwema alisimama katikati ya kontena. "Kwanza niambie wewe. Ukiwa wa Tiro peke yake, ukifika kisiwani, utafanya nini?"

"Waliwaua wajumbe wangu. Tiro nao waliwaua. Nitafanya nilichofanya Tiro. Wanaume wa silaha watauawa mitaani, wengine elfu mbili watatundikwa ufukweni, na waliobaki, wanawake na watoto, watatolewa mjini wauzwe utumwani. Yote yameandikwa, na sanadi zake ni nzuri."

Aliyasema hayo kwa upole ule ule. Pale mlangoni Sajini Chausiku alibadilisha mguu.

"Na ukiwa yule mwingine?"

"Wanyonge waliniomba ukuta. Nitawajengea."

"Wanyonge ni nani? Na waharibifu ni nani?"

"Hilo nalitazama kila siku," ilisema sauti. "Natazama nani amebomoa vijiji vitatu ili apate udongo. Nani amekata miti kutoka hapa mpaka milimani. Mkono ni wangu, lakini amri ya kuja hapa haikuwa yangu."

3

Brigedia alikuwa na karatasi tayari. Wanasheria wa wizara walikuwa wameshamwelewesha kwa simu, na si kazi ngumu kuelewa: mdhamini pekee aliye hai na mwenye akili timamu anaweza kufuta kisa alichokileta, na anaweza kuvidhamini upya visa vya marehemu.

"Mawili tu, mama," alisema, wakiwa wote watatu ndani ya kontena kwa joto lisilosemeka. "Unaufuta ukuta, kwa kuwa wewe mwenyewe umekiri mbele yangu hivi punde kwamba hauna sanadi ya kweli. Unadhamini Tiro, kwa kuwa ni historia, iko vitabuni. Sikuombi uongo hata chembe. Nakuomba ukweli."

Hilo ndilo lililomchoma. Angemwomba uongo, angemtemea mate akaondoka kichwa juu. Aliombwa kitu alichokitetea maisha yake yote, kwa maneno yake mwenyewe, na mwisho wa kitu hicho ulikuwa mlango wa duka la cherehani la Mwanakombo.

"Afande, umesikia atakachofanya akifika?"

"Nimesikia." Brigedia alitazama sakafu. "Nitamwomba apunguze."

"Utamwomba? Umewahi kumwomba kitu akakipunguza?"

Brigedia alipangusa shingo kwa leso. "Najua una ndugu kule," alisema baadaye. "Ningeweza kukukataa kwa sababu hiyo. Lakini kila niliyemuuliza kaniambia Msumari hajawahi kuongeza neno. Ndiyo maana nataka kiapo chako na si cha mtu mwingine."

Siwema aliendelea kutembea, hatua nne kwenda, nne kurudi. Alimwona yule kijana wa farasi mweupe akilia. Alimwona Mwanakombo siku ya Idi ya mwisho kabla ya vita, akishuka kivukoni na ndoo ya kaimati, akilalamika kuwa dada mtu amekonda, na dada mtu akimkaripia kwa kuvaa viatu vya kisigino kwenye mawe. Walikuwa wameagana kwa ugomvi mdogo wa viatu. Aliichukia nafsi yake kwa ugomvi ule. Akawaza watoto wa dada yake Brigedia na matope yao, na hao nao walikuwa watoto kweli.

"Haya," alisema. "Nitaapa."

Akashika sikio la kulia kwa mkono wa kushoto. Brigedia alisimama wima kwa heshima, kama mtu aliye msibani. Siwema akaweka gumba kwenye kioo.

"Mimi Siwema binti Athumani," alisema, "nilisikia kwa bibi yangu Mwanatumu, naye kwa mama yake, naye kwa waliomtangulia mpaka kwenye chanzo, kwamba Iskandari wa Tiro na mwenye ukuta ni mtu mmoja. Tiro ilikuwa ujana wake, na ukuta ulikuwa utu uzima wake. Nilisikia hivi, nimetoa hivi, sikuzidisha."

"Mama!" Brigedia aliruka, akamkamata mkono. Gumba lilikuwa limekwisha kubonyea. Kiapo cha mlishaji hakirudi kinywani mpaka miaka saba ipite, na yeye aliijua sheria hiyo kuliko mwanasheria yeyote wa wizara.

"Basi nilianza na Tiro," ilisema sauti polepole. Ilikuwa kama mtu anayekaa chini baada ya safari. "Na nikaishia ukutani. Ahsante, Bibi Mlishaji. Nilikuwa nachoka kuwa wawili."

"Zima!" Brigedia alipiga kelele. "Sajini, kata umeme!"

Sajini Chausiku alitazama swichi, akamtazama Siwema, akatazama swichi tena. "Afande, Baraza tu ndilo lenye ruhusa ya kumzima," alisema. "Ni sheria." Kwa mbali mitambo mia nne ikanguruma kwa pamoja, na vijiko vya jikoni vikagongana ndani ya sufuria.

Brigedia akatoka mbio. Siwema alibaki amesimama vile vile, gumba kwenye kioo, mkono sikioni. Uongo wake wa kwanza katika miaka ishirini na minane ulikuwa umempitia kooni kama mwiba wa samaki, na sasa alikuwa anasubiri auone umefika wapi.

"Jambo moja," ilisema sauti. "Sitaki kukosea. Katika kisa cha bibi yako, ukuta ule ulikuwa na mlango?"

"Hapana," alisema Siwema. "Haukuwa na mlango."

4

Baraza lilikaa siku ya arubaini, kama sheria inavyotaka, likamzima Pembe Mbili kwa kura nyingi. Alikuwa amekwisha kumaliza kazi wiki moja kabla.

Mitambo ililimalizia tuta, na ukuta ukakizunguka kisiwa chote. Ulikuwa mrefu kupita minara ya simu, chuma juu ya chuma, na katikati ya viungo shaba imemiminwa ikaganda. Alikuwa ameiyeyusha kwa tanuri alizozijenga juu ya tuta lenyewe. Chini, kwenye matope, alikuwa amefukia mabomba yaliyopita pembeni ya malango ya Kisima Mia, na maji yakaanza kufika Ukingoni, machache, lakini yakafika. Watu wa kisiwani walikuwa na bustani zao, samaki wao na mvua yao. Hakuna aliyeuawa. Makombora ya jeshi yaliugonga ukuta siku tatu, yakaacha alama za moshi, basi. Mawimbi ya simu na redio yalifika kwenye chuma hicho yakafia hapo.

Siwema alifukuzwa kazi, na kwa haki. Katika vitabu vya shule vya mwaka ule wakaandika kisa cha Iskandari aliyejuta akawa mjenzi, na mwisho wa ukurasa wakaweka jina lake na la bibi yake. Aliuona ukurasa huo mara moja, akaufunga.

Alihamia chumba kimoja karibu na bwawa. Kila siku, jua likianza kulegea, alipita juu ya tuta, akaufuata ukuta kwa mkono mpaka ulipoishia udongo, akarudi, akaufuata tena. Goti lake halikuacha kucheza. Walinzi walimzoea.

Siku moja Sajini Chausiku, ambaye sasa alikuwa akilinda mabomba, aliambatana naye. Walitembea mpaka mwisho wa udongo. Mwisho Sajini alishindwa kuvumilia.

"Mama, nisamehe. Siku ile nilikuwepo. Ulikuwa umeshaongopa. Kubwa kabisa ulishaliongopa. Alipokuuliza habari za mlango, si ungesema tu upo? Neno moja. Leo ungekuwa unakunywa chai kwa mdogo wako."

Siwema alisimama. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe mpaka likampunguza mwili.

"Lile la kwanza nilijiandaa nalo, mwanangu," alisema. "Nilitembea nalo saa nzima. La mlango aliniuliza ghafla, na mimi bado nimeshika sikio. Mdomo ukajibu kabla yangu."

Sajini alimshika begani kidogo, kisha akarudi kwenye mabomba yake.

Siwema akaokota jiwe, akagonga chuma mara tatu, kama alivyokuwa akigonga mlango wa Mwanakombo. Akalaza sikio lake la kulia ukutani. Chuma kilikuwa na joto la mchana kutwa. Alingoja, akagonga tena, akasogea hatua chache kushoto, na kugonga pale pia.